Mrejesho: kikapu hakifutiki tena

Ahsanteni wakuu. Niliuliza kwa nini bidhaa za kwenye kikapu cha duka langu la mtandaoni zinapotea mteja akirifreshi ukurasa. localStorage (hifadhi ya ndani ya kivinjari cha mteja) imelimaliza tatizo, ila inahifadhi maandishi tu: ukiipa orodha ya bidhaa kavukavu inaandika "[object Object]" kwa kila bidhaa, na data ndiyo imekwenda. Kuhifadhi kwa JavaScript ni hivi, orodha inageuzwa maandishi kwanza:

localStorage.setItem("kikapu", JSON.stringify(kikapu))

Kusoma, maandishi yanarudi kuwa orodha:

JSON.parse(localStorage.getItem("kikapu")) ?? []

Hiyo ?? [] (kama hakuna kitu, tumia orodha tupu) msiiache, bila hiyo mgeni wa mara ya kwanza anapata null, yaani hakuna kitu, na push ya kuongeza bidhaa inagoma papo hapo. sessionStorage, hifadhi nyingine ya kivinjari, haifai hapa, tabo ikifungwa nayo inafutika. Kwenye localStorage naweka namba ya bidhaa na idadi tu. Bei inatoka kwenye seva, maana mteja mjanja akibonyeza F12 (inafungua zana za kivinjari za kubadili data) anajipangia yake. Tokeni ya kuingia (inayothibitisha mteja ameingia kwenye akaunti) imebaki kwenye kuki ya HttpOnly, ambayo JavaScript haiwezi kuisoma.