Mrejesho: injini iliyokuwa inamisi imetulia

Wakuu, niliwauliza kuhusu gari langu la mwaka 1997 linalomisi (injini inakatakata kwa sababu silinda moja haichomi) likipanda mlima, hasa asubuhi za mvua hapa Kampala. Wengi mlisema tatizo ni plagi. Nilibadilishana plagi ya silinda ya tatu na ya pili, lakini silinda ya tatu ikabaki imekufa, kwa hiyo kosa halikuwa la plagi. Usiku nikafungua boneti gizani, injini ikinguruma: cheche za buluu zinaruka kutoka waya wa plagi hadi kwenye chuma! Fundi alipouchomoa, mpira wake ulikuwa umelainika, shimo la plagi limejaa oili iliyovuja kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini). Nimenunua seti nzima ya waya na gasketi kwenye soko la vipuri la Kisekka. Jana nimepanda kilima cha Kololo bila injini kukohoa. Asante sana ndugu uliyeniambia nichungulie gizani.