Kikundi: Gari la Wagonjwa, Shella Malindi

Athman: Jamaa, fundi anakuja Jumamosi, leo tumalize. Traka ya ile Noah, kile kifaa cha kufuatilia gari, ina laini ya simu. Ikiungwa na loki za milango, gari linafunguliwa kwa meseji. Aliye na funguo akiwa mbali, mgonjwa hangoji. Napendekeza watu wanne wawe na nenosiri.

Mama Zuhura: Wanne? Ufunguo mmoja tu ulitushinda.

Salim: Bado ile safari ya Garsen? 😂

Athman: Tusitoke nje jamani. Nenosiri?

Khadija: Traka nyingi hutoka kiwandani na 123456. Anayejua namba ya laini anafungua. Libadilishwe siku hiyo hiyo, kisha traka isikubali amri ila kutoka namba mlizosajili. Msitegemee namba peke yake, hughushiwa.

Juma Waya: Na laini isikae bila salio, ikilala muda mrefu kampuni huifunga. Tena traka ina kibetri chake, loki hazina. Betri ya gari ikifa, traka itapokea meseji na mlango usifunguke. Hapo ni ufunguo wa chuma tu.

Athman: Fundi asema ataweka na relei ya kuzima injini, wezi wasilichukue.

Juma Waya: Hapo sitaki. Inakata umeme wa pampu ya mafuta. Gari likiwa mbio usukani unakuwa mzito, na breki ukikanyaga mara mbili tatu zinakuwa ngumu kama ukuta. Zipo traka zinazosubiri mwendo ushuke kwanza. Lakini gari la mgonjwa? Meseji moja ya makosa mko juu ya daraja la Sabaki.

Kassim: Kwani Salim ataenda nalo tena? 😂😂

Salim: 🙄

Athman: Kassim!

Bi Amina: Na mtoto akijifungia ndani?

Khadija: Bi, mtandao ukisuasua msingoje. Juani joto la ndani hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10. Vunjeni kioo cha mlango ulio mbali na mtoto, mkipige pembeni, si katikati. Cha mbele mkiache, kina utando ndani, kitapasuka na kubaki pale pale.

Kassim: Noah kuukuu hii nani ataidukua?

Khadija: 2015 watafiti wa usalama Miller na Valasek waliizima Jeep Cherokee barabarani kwa mtandao, Marekani. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Yetu haihitaji mabingwa, 123456 yatosha.

Mzee Kombo: Nimesoma yote. Simu mbili tu, moja ya mwanamke. Ufunguo wa akiba ukae kwa imamu. Injini isiguswe. Na ya Garsen yaishe.

Athman: Sawa Mzee. Khadija mmoja. Wa pili?

Athman: Jamani?

Mama Zuhura: Si Salim.

Athman: Salio la laini je, nani ataweka kila mwezi?

Shee: Ndiyo naona sasa. Fundi ni yule aliyefunga king'ora?

Athman: Ndiye.

Mama Zuhura: Yarabi.