Kuteleza kwenye barafu: kipi kitawavuta watu, maksi zieleweke, shoo, au tuhamie kwenye magurudumu?

BinUjiji (mwenye uzi)
Wakuu habari za jioni, niko hapa Mwanga, Kigoma. Jumapili ilopita tumekaa bandani tunasubiri mechi, muda bado, mwenye banda anachezea rimoti mara tukaangukia chaneli wanaonyesha wale wanaoteleza kwenye barafu na viatu vyenye visu chini. Nikajua watamzomea abadilishe. Wapi, watu kimya! Mzee mmoja muuza dagaa kasimama kabisa na kikombe cha kahawa mkononi, kila yule binti akiruka na yeye anainua kisigino, anasema "huyu mtoto hana mfupa". Mambo mazuri mpaka zilipotoka maksi, dada aliyeanguka yuko juu ya dada ambaye hakugusa chini. Banda likalipuka, "refa kahongwa", "hii mechi ya nyumbani", rimoti ikapigwa, ikawa basi.

Mi huu mchezo naufuatilia kwenye simu tangu Hanyu wa Japani abebe dhahabu ya Olimpiki 2014, na kila msimu nasikia kilio kwamba huko Marekani na Ulaya watazamaji si kama wa miaka ya tisini. Wapo wanaosema maksi zirahisishwe, wapo wanaosema iwe shoo, muziki wa kuimba na madoido, na wapo wanaosema ipelekwe hata kusiko na barafu. Kura yangu iko kwenye maksi kwa sababu nimeona kwa macho yangu pale watu walipotoka. Nyie mnasemaje?

MgebukaMkavu
Kigoma barafu tunayoijua ni ya Kibirizi ya kulazia migebuka na ile ya mfuko ya watoto. Nyingine hatujaletewa 😂

Mnyamwezi_wa_Stesheni
BinUjiji mi niko Tabora na napingana na wewe. Hakuna mtu anayependa mchezo kwa sababu ya hesabu. Bandani kwenu wangapi wanaijua ofsaidi vizuri? Wanapiga kelele tu na kesho wanarudi. Huu mchezo wenyewe umekua kwa shoo, miaka ya 1860 kuna Mmarekani Jackson Haines alikuwa mcheza dansi, ndo akaingiza muziki na dansi kwenye barafu, kwao wakamwona wa ajabu akaenda Vienna wakampokea kama mfalme. Kabla ya hapo ilikuwa kuchora maumbo kwenye barafu kwa kisu cha kiatu, na hiyo michoro ilibaki kwenye mashindano makubwa mpaka 1990, hebu fikiria unamwangalia mtu anachora nane taratibu. Nyimbo zenye maneno kwa wanaocheza mmoja mmoja na wale wa wawiliwawili zimeruhusiwa msimu wa 2014/15, juzi tu hapo.

Afu kuna ile sarakasi ya kupinduka kinyumenyume. Surya Bonaly, dada mweusi wa Ufaransa, aliipiga kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 akatua kwa mguu mmoja, ilikuwa marufuku wakamkata maksi. Miaka inapita, Januari 2024 Mfaransa mwingine Adam Siao Him Fa akaipiga mashindano ya Ulaya akijua atakatwa, akakatwa, na dhahabu akabeba. Mwaka huohuo marufuku ikaondolewa. Nilimwonyesha dogo wangu kipande cha sekunde kumi tu, hakuuliza maksi, aliuliza "kaka, kichwa hakipasuki?"

BinUjiji
Sekunde kumi sawa mkuu ila programu ndefu ni kama dakika nne na washindani zaidi ya ishirini, hutomkalisha mtu kwa sarakasi moja. Na ofsaidi usiifananishe na hii, goli linaonekana kwa macho. Huku kitu kinachoonekana kwa macho, yani kuanguka, ndo kinakudanganya.

Hebu niwape hesabu niliyotaka kumpa yule mzee nikakosa nafasi. Kwa jedwali la maksi la 2022/23 mruko wa Lutz wa mizunguko minne una maksi 11.5. Akianguka majaji wanakata mpaka nusu, inabaki 5.75, unatoa moja ya kuanguka, kabaki na 4.75. Mwenzake karuka ule mwepesi wa mizunguko mitatu wenye 4.2, katua safi. Umeona? Aliyeanguka bado anaongoza, na hakuna aliyehongwa!

Tichahesabu_Kasulu
Hapo umeficha kitu ndugu. Yule wa 4.2 akitua vizuri majaji wanamwongezea, wakimpa ongezeko la asilimia 20 anafika 5.04, kashampita wako. Nakubali lakini kwamba mtangazaji angesema hilo kwa Kiswahili chepesi pale pale, banda lisingebadilisha chaneli.

Ila msitamani sana maksi za zamani, zile za kilele 6.0. Ilikuwa rahisi kweli, kila mtu anaelewa 5.9 ni kubwa. Olimpiki ya Salt Lake City 2002 kwenye wawiliwawili Warusi wakapewa dhahabu, jaji wa Ufaransa akasema alishinikizwa, dunia ikawaka, mwisho Wakanada Salé na Pelletier nao wakapewa dhahabu yao. Huu utaratibu wa kujumlisha kila mruko ukaja baada ya hapo, 2004. Kwahiyo urahisi ulikuwepo na wizi ukapita humohumo.

MgebukaMkavu
Dhahabu mbili?? Simba na Yanga wakisikia hii hatulali

Dogo_Magurudumu
Naona wote mnaongelea TV. Sisi tupo kama saba hapa Kigoma tunateleza na viatu vya magurudumu (nikisema viatu vya matairi bibi yangu anajua katambuga). Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi lami ikiwa haina bodaboda, tatizo mchanga, punje ndogo tu ikiingia kwenye beringi gurudumu linakaba unakula lami, mi nina kovu kwenye kiwiko mpaka leo. Beringi tunaziosha na mafuta ya taa kwenye kopo, tunaanika, tunapaka mafuta ya cherehani. Tuliomba uwanja wa basketi wa shule moja hapa mjini, sakafu yake nzuri ya saruji, tukaambiwa tutachafua, na mbuzi wanalala pale kila siku.

Hata mruko mgumu wa barafuni unaoitwa Axel upo kwenye magurudumu, na mashindano ya dunia yapo. Unaruka ukitazama mbele unatua ukirudi nyuma ndo maana ina nusu mzunguko wa ziada, ile ya nne ya Ilia Malinin wa Marekani ya 2022 ni mizunguko minne na nusu. Mi bado nahangaika na moja na nusu. Ila watoto wa mtaani wakituona wanajaa, hamna anayeuliza maksi wala muziki, wanauliza "naomba nijaribu". Majirani zetu Nairobi waliweka barafu hotelini Panari 2005 na leo Kenya ina timu ya hoki ya barafu. Mtu aliyewahi kujaribu hata dakika tano hahitaji mtangazaji.

Mama_Nne
Hodi wanangu, nimekuja kwa sababu mume wangu kaona neno "skate" kwenye simu yangu akasoma sketi, akadhani naagiza nguo 🤣 nikasoma uzi wote.

Mbona mnasahau watu wenyewe? Mimi tamthilia naifuata kwa sababu namjua dada wa mle ndani, nimekasirika naye, nimelia naye. Sasa nimeangalia hapa, mabingwa wa Olimpiki wa wanawake, Sotnikova 2014, Zagitova 2018 akiwa na miaka 15, Shcherbakova 2022, hakuna hata mmoja aliyerudi Olimpiki nyingine. Nitampendaje mtu wa siku moja? Baada ya lile sakata la dawa zilizokatazwa la Mrusi Valieva wa miaka 15 Beijing wakapandisha umri wa kushindana na wakubwa hadi 17, mi nasema walichelewa. Angalia Alysa Liu wa Marekani, kaacha akiwa na 16, kachoka, kaenda kuishi kama mtoto wa watu, kisha 2025 huyooo bingwa wa dunia pale Boston, anacheka mwanzo mwisho. Huyo nitamsubiri hata saa nane usiku.

Mnyamwezi_wa_Stesheni
Mama kaua uzi. Mi narudi nyuma kidogo, shoo bila mtu unayemjua ni kelele. Ila maksi bado napinga.

BinUjiji
Mama shikamoo. Hapo sina jibu, hata mi nilianza kwa Hanyu, sikuanza kwa jedwali.

Kaka_wa_Banda
Mimi ndo mwenye lile banda. Jumapili mechi ni saa kumi, BinUjiji njoo saa tisa na simu yako tuunge kwenye TV, nakupa dakika ishirini za huyo Alysa, hesabu uongee mwenyewe na maiki. Dogo njoo na viatu, sakafu nitafagia. Ukimwangukia mtu wa kahawa unalipa kahawa.