Naomba ushauri: kupeleka wanafunzi mtambo wa maji Ruvu Chini

Wakuu, habari zenu. Nafundisha jiografia kidato cha pili hapa Dar, na nataka kuwapeleka wanafunzi 45 kwenye mtambo wa Ruvu Chini, Bagamoyo, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Juzi darasani tulitia shabu kwenye ndoo ya maji ya tope. Tope likashikana, likazama chini, na binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa haya yananyweka?" Nataka jibu walione wenyewe, kwenye vichujio na klorini.

Mliowahi kwenda, barua ya maombi niipeleke mapema kiasi gani? Wanapokea kundi kubwa hivyo kwa mkupuo, au niwagawe? Na mabwawa ya majitaka je, ni salama kuwafikisha? Bomba wanalijua, yanakokwenda maji machafu hawajawahi kupaona.