Tupeane uzoefu: Kruzi ya Galveston kwenda Cozumel, pasipoti ni lazima au ni hela ya kutupa?

Mama Pacha wa Houston
Wakuu, habari za Jumapili. Kuna kruzi, safari ya meli ya matembezi, ya siku tano inapangwa, Galveston (Texas) kwenda Cozumel na Progreso za Mexico, mwezi wa pili. Familia ya watu wanne: baba na mama walishaapishwa uraia wa Marekani, mtoto mmoja kazaliwa Dar ana miaka 14, mdogo kazaliwa hapahapa ana 6. Wakala wa tiketi anasema pasipoti si lazima. Ukipiga hesabu, watu wazima wawili ni dola 165 kila mmoja, watoto wawili 135 kila mmoja, jumla 600. Hiyo ni tiketi ya mtu mwingine kabisa. Wanaojua hii kitu wafunguke.

Mtu wa Bandari
Wakala hajadanganya. Safari inayoanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani, bila kutoka ukanda wa Amerika, raia wa Marekani anaruhusiwa kurudi na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Ndivyo ilivyo tangu Juni 2009. Chini ya miaka 16 hata hicho kitambulisho hakitakiwi. Baba na mama watatumia cheti cha uraia walichopewa siku ya kiapo, pamoja na leseni ya udereva. Mdogo atatumia cheti cha kuzaliwa cha Texas, kile cha serikali. Ile karatasi ya hospitali yenye alama za nyayo ni ya ukumbusho, hairudishi mtu.

Kaka Mkubwa Dallas
Nakazia. Hiyo 600 wekeni kwenye matembezi ya Cozumel mle samaki.

Bi Mdogo wa Minnesota
Taratibu jamani, mbona mmemruka huyo wa miaka 14? Yeye ndiye mwenye kesi.

Mtoto mwenye grini kadi, aliye chini ya miaka 18 na anaishi na mzazi wake, siku mzazi anapoapishwa naye anakuwa raia palepale kwa sheria. Lakini hapewi cheti! Cheti kina jina la mzazi peke yake. Kwa hiyo akifika Galveston ana nini? Cheti cha kuzaliwa cha RITA (wasajili wa Tanzania) kinachosema kazaliwa Ilala, na grini kadi ya zamani ambayo si hali yake tena. Hapo ndipo familia inasimamishwa pembeni huku mabegi yameshapanda.

Njia zake ni mbili. Fomu N-600 ya kuombea cheti chake mwenyewe, ada inapita dola 1,300 na kusubiri ni kwa miezi. Au pasipoti ya mtoto kwa dola 135, ambayo nayo ni uthibitisho kamili wa uraia. Mnapeleka cheti halisi cha uraia cha mzazi, grini kadi ya mtoto, cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mzazi huyo, na cheti cha ndoa ya wazazi. Kama vyeti ni vya Kifaransa, vya Kongo au Burundi, ambatisheni tafsiri ya Kiingereza. Chini ya miaka 16 wazazi wote wawili wafike na mtoto. Asiyeweza kufika ajaze fomu ya ridhaa DS-3053 na kusaini mbele ya mthibitishaji wa saini (notary), na iambatane na nakala ya kitambulisho chake alichokionyesha hapo, mbele na nyuma. Wengi wanasahau hiyo nakala, wanarudishwa.

Kaka Mkubwa Dallas
Si atumie pasipoti yake ya Tanzania? Kama ipo hai shida iko wapi?

Bi Mdogo wa Minnesota
Shida ni kwamba raia wa Marekani anaporudi anadaiwa uthibitisho wa uraia wa Marekani. Pasipoti ya Tanzania inathibitisha kinyume. Na kwa wazazi usiiguse kabisa hiyo habari: Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, ukishaapa kwingine ile ya zamani si yako tena hata kama kitabu bado kimo kabatini.

Mkamba Halisi
Wakenya tulimaliza hayo mambo na katiba ya 2010 😂 Pasipoti mbili mfukoni, raha mstarehe.

Kaka Mkubwa Dallas
Haya anza. Kila uzi lazima mje na katiba yenu.

Mkamba Halisi
Si wivu huo. Lakini dada amesema kweli, hata sisi wa mbili, kurudi Marekani ni ya Marekani.

Nahodha Mstaafu
Mnajadili kupanda, wakati pasipoti kwenye kruzi haikatwi kwa ajili ya kupanda. Inakatwa kwa ajili ya siku ambayo hutarudi na meli. Nipeni dakika.

Chukua abiria kateleza kwenye ngazi Cozumel, nyonga imevunjika. Daktari wa meli ana chumba cha huduma ya kwanza, hana chumba cha kupasulia nyonga. Anaandika: mgonjwa ashushwe. Kuanzia hapo uamuzi si wa mgonjwa. Wahudumu wanafungasha vitu vya kabini, bili ya meli inafungwa, na mgonjwa anakabidhiwa kwa wakala wa meli pale bandarini. Meli inaondoka jioni ileile, haimsubiri mtu. Kama mume anabaki kumuuguza mke, naye anashushwa. Watoto nao.

Hospitali binafsi za pale zinataka dhamana ya kadi kabla ya kupasua, na bima nyingi za afya za Marekani, Medicare, ile ya serikali kwa wazee, ikiwemo, kwa kawaida hazilipi nje. Sawa, tuseme bima ya safari ipo. Siku ya nne mgonjwa anaweza kusafiri kwa ndege. Sasa ndege: cheti cha kuzaliwa na leseni, ambavyo vilitosha melini, havimpandishi mtu ndege ya kimataifa. Kadi ya pasipoti, ile ndogo ya mfukoni, pia haimpandishi. Lazima kitabu cha pasipoti. Konsuli kuu ya Marekani iko mji wa Mérida. Kutoka Cozumel ni feri dakika kama 45 hadi Playa del Carmen, kisha karibu kilomita 300 kwa barabara. Pale wanataka picha, fomu DS-11 ya kuombea pasipoti, uthibitisho wa uraia, kitambulisho na ada ileile ya kawaida. Mkipewa, ni pasipoti ya dharura ya muda mfupi, haizidi mwaka mmoja, ya kubadilishwa mkifika nyumbani. Ikiangukia Ijumaa jioni au sikukuu ya Mexico au ya Marekani, mnalala hoteli mkihesabu siku.

Hiyo ni nyonga. Msiba nyumbani je? Simu inaingia mko Cozumel, mama mzazi kafariki Morogoro. Mwenye kitabu anashuka, anakata tiketi, usiku yuko Houston. Asiye nacho anabaki na meli mpaka igonge Galveston.

Dada wa Lawama
Nahodha umetukata hamu ya kuogelea.

Kaka Mkubwa Dallas
Aisee. Naondoa yale ya samaki.

Chizi wa Basi
Si anapanda basi tu mpaka mpakani Texas?

Nahodha Mstaafu
Na nyonga iliyovunjika? Kutoka Playa del Carmen hadi Matamoros ni zaidi ya kilomita 2,000. Ila umegusa jambo: kwenye mpaka wa nchi kavu ndiko kadi ya pasipoti inakofanya kazi, na kwenye meli. Kadi ya mtu mzima ni dola 30 jumlisha 35 za kupokelea maombi. Asije mtu akadhani kanunua pasipoti nusu bei.

Chizi wa Basi
Basi ukitaka kuvunjika subiri Progreso, Mérida ni nusu saa tu 😂

Mtu wa Bandari
Wapo pia wanaoachwa na meli kwa ajili ya saa, si nyonga. Jimbo iliko Cozumel halibadilishi saa mwaka mzima. Meli iliyotoka Miami kiangazi, kama haikubadilisha saa zake, iko mbele kwa saa nzima. Tangazo linasema abiria wote ndani saa kumi na nusu. Simu ikishika mnara wa Mexico inajirudisha nyuma yenyewe. Mtu anarejea saa kumi na robo ya simu akijiona kawahi, kumbe kwa meli ni kumi na moja na robo, wanaume wameshafungua kamba. Kwa Galveston mwezi wa pili mambo ni kinyume, simu inakwenda mbele, utawahi tu. Dawa ni saa ya mkononi, irekebishwe kwa saa ya meli na isiguswe.

Bi Mdogo wa Minnesota
Na ukishuka, pasipoti iache kwenye sefu ya kabini. Usizurure nayo ufukweni. Mtu akikosekana, wahudumu hufungua sefu na kumwachia wakala wa bandari pasipoti yake.

Mkamba Halisi
Hapana! Hiyo ni hisani, si haki. Na mabaharia wana dakika chache za kukagua. Tembea nayo kwenye mfuko wa plastiki chini ya shati.

Bi Mdogo wa Minnesota
Ukaogelee nayo, iingie maji ya chumvi, iharibike, kisha uanze upya kuomba nyingine kwa DS-11.

Mkamba Halisi
Bora kulowa kuliko kusafiri bila mimi.

Nahodha Mstaafu
Kitabu kwenye sefu, nakala ya karatasi mfukoni, picha yake kwenye simu. Endeleeni kupigana.

Kijana wa Bukavu
Mnaongea habari za raia tu. Ndugu zetu waliopitia kambi za Nyarugusu au Kakuma wengi bado hawajaapa. Mkimbizi hatoki na ile I-94 yake, kumbukumbu ya kuingia Marekani, anatakiwa kuwa na hati ya kusafiria ya mkimbizi mkononi kabla ya kuondoka. Inaombwa kwa fomu I-131, inadumu mwaka mmoja. Na aliyejaza grini kadi kwa njia ya ndoa, bado anasubiri: kwa kawaida ukishuka au hata meli ikitia nanga nchi ya kigeni bila kibali cha kusafiri, ombi lako linahesabiwa umeliacha. Siku tano za kula bure, miaka ya kusubiri imekwenda. Hilo liulizwe kwa mwanasheria, si kwa wakala wa tiketi.

Dada wa Lawama
Huyu anastahili kupandishwa juu kabisa ya uzi.

Mtu wa Bandari
Kweli. Na mwenye grini kadi abebe pia pasipoti ya nchi yake iliyo hai. Kwa Mexico grini kadi inamwondolea viza, lakini pasipoti bado inatakiwa. Kwa wale wa Alaska kutoka Seattle, meli lazima iguse Kanada, mara nyingi Victoria, kwa sababu ya sheria ya Marekani ya 1886 inayozibana meli za bendera za kigeni. Kwa hiyo msidhani Alaska ni Marekani tupu. Zile zinazoanzia Vancouver na kuishia kwingine hazimo kabisa kwenye msamaha wa cheti. Martinique na Guadeloupe nazo hutaka pasipoti hata kama meli ni ya kurudi palepale.

Mama Pacha wa Houston
Asanteni sana, hapa maji yameshamwagika. Basi ni pasipoti ya kijana tu, au wote wanne? Na kuanza lini?

Bi Mdogo wa Minnesota
Kijana ni lazima. Na kwa vile cheti cha mzazi kinakwenda naye, sikiliza kwa makini: cheti halisi cha uraia kinatumwa pamoja na maombi, na kinarudi kwa bahasha tofauti, wakati mwingine baada ya pasipoti. Kipindi hicho mzazi mwenyewe hana kitu cha kumpandisha meli! Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6, na posta haimo kwenye hesabu hiyo. Kuharakisha ni dola 60 za ziada, wiki 2 hadi 3. Mwezi wa pili mnasafiri, basi maombi yaondoke kabla ya Novemba kwisha. Na cheti hicho kikipotea njiani au kikilowa kwenye kabini, kukipata kingine kwa fomu N-565 ni zaidi ya dola 500. Mimi ningekata ya kijana na za watu wazima siku moja, mdogo aende na cheti chake.

Nahodha Mstaafu
Na mdogo akiumwa apendicitisi Progreso?

Bi Mdogo wa Minnesota
Haya, wote wanne.

Kaka Mkubwa Dallas
600 imerudi palepale 😂

Mtu wa Bandari
DS-11 msisaini nyumbani, inasainiwa mbele ya mpokeaji. Nakala za vyeti mbele na nyuma, kila upande karatasi yake. Malipo ni mawili: ada ya pasipoti kwa hundi au mani oda, na zile 35 kwa posta yenyewe. Angalieni majina pia. Sisi wa majina matatu, jina la mtu, la baba na la babu, wakala wa tiketi huwa anachukua la kati na kulifanya la ukoo. Tiketi isome sawasawa na pasipoti, herufi kwa herufi.

Dada wa Lawama
Hijabu kwenye picha?

Mtu wa Bandari
Inaruhusiwa, na maelezo yenye saini yako kwamba unaivaa kila siku kwa sababu ya dini. Uso wote uonekane, kivuli kisianguke kwenye paji. Picha ni inchi mbili kwa mbili, nyuma peupe. Miwani ndiyo inayovuliwa.