Ninaandika kila usiku, lakini blogu yangu ya zabibu inazidi kuharibika: nipunguze nini?

Mzabibuni, Hombolo (Jumatatu, saa 3:10 usiku)

Mbukwenyi, ndugu zangu.

Naomba ushauri katika jambo ambalo limenielemea kwa miezi kadhaa. Nimeajiriwa katika ofisi moja pale Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiendesha blogu ya kilimo cha zabibu, ambayo wasomaji wake wengi ni wakulima wadogo wa Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na Makutupora. Nilipoanza nilikuwa naandika makala moja kwa wiki, kwa kawaida baada ya kushinda shambani siku ya Jumamosi. Baadaye nikaaminishwa kwamba blogu isiyo na kitu kipya kila siku husahaulika, nikajiwekea sharti la makala sita kwa wiki. Tangu hapo natoka kazini saa 9:30 alasiri, napanda basi, nafika nyumbani, nakula, na kuanzia saa 2 usiku nakaa mbele ya kompyuta hadi saa 6 na nusu, wakati mwingine saa 7.

Kilichonisukuma kuandika hapa ni kisa cha mwezi uliopita. Nilichapisha makala kuhusu ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mizabibu, nikaeleza namna ya kuutambua ule unga mweupe juu ya majani na vichala vya zabibu, na jinsi ya kuchanganya salfa kwenye bomba la kupulizia. Nikasahau sentensi moja tu, inayosema kwamba salfa haipulizwi jua likiwa kali, kwa sababu joto likizidi dawa hiyo huunguza majani. Sentensi hiyo ilikuwamo kwenye daftari langu la shambani, nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Msomaji mmoja wa Mvumi alipuliza saa 7 mchana. Aliponipigia simu hakunifokea hata kidogo. Aliniuliza tu kama majani yatarudi. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Mistari minne ya mizabibu ilikuwa na majani yaliyokauka kingo, yenye rangi ya karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na mengine yakivunjika mkononi nikiyagusa.

Niliporudi nyumbani nikatazama makala ile niliichapisha saa ngapi: saa 6:50 usiku. Nikatazama na simu, nikakuta kwamba katika saa mbili za kuiandika nilikuwa nimejibu ujumbe kumi na nne kwenye makundi ya WhatsApp.

Maswali yangu ni haya. Nikirudi kwenye makala moja au mbili kwa wiki, je, wasomaji hawatanikimbia? Na muda huo mchache nitaupangaje ili akili iwe kwenye kazi moja tu, maana kukaa muda mrefu nimekuwa nikidhani ndiyo bidii?

---

Mhariri Mstaafu, Area C (Jumatatu, saa 4:25 usiku)

Mwanangu Mzabibuni, pole sana, na pole hizo umfikishie pia mkulima wa Mvumi.

Nimehariri magazeti kwa zaidi ya miaka ishirini, na kosa ulilolieleza nalifahamu vizuri, kwa sababu ni kosa la mtu anayejua. Asiyejua habari ya salfa angekwenda kuuliza. Wewe ulikuwa unajua, ndiyo maana ulipoisoma rasimu yako usiku ule sentensi ile uliiona, ingawa haikuwapo kwenye ukurasa, ilikuwapo kichwani. Macho ya mwandishi aliyechoka husoma alichokusudia, wala si alichoandika. Kwa hiyo usiku unaomaliza kuandika ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuchapisha.

Unachofanya wewe ni kuzichanganya kazi tatu katika kikao kimoja: unakusanya habari, unaandika, na unahakiki. Chumba cha habari kinachojiheshimu huzitenganisha, na mara nyingi huzigawa kwa watu watatu tofauti. Wewe uko peke yako, basi zitenganishe kwa siku. Jumamosi uwe shambani na daftari, usiandike makala. Siku nyingine kaa uandike kwa dakika tisini, usihakiki. Baada ya siku moja au mbili ndipo uhakiki, tena kwa kuisoma makala yote kwa sauti, ikiwezekana kwenye karatasi iliyochapwa.

Hizo dakika tisini nizisemee zaidi, maana ndipo muda wako unapovujia. Kabla hujaanza, andika juu kabisa swali moja la mkulima, kwa maneno ambayo mkulima mwenyewe angelitumia: «Zabibu zangu zimeota unga mweupe, nifanye nini?» Kila aya isiyomjibu mtu huyu iondoe, hata kama umeipenda. Ukifika mahali ambapo hukumbuki kipimo au jina la dawa, usifungue intaneti kulitafuta, kwa sababu ukishafungua hurudi mapema. Andika XX mahali hapo uendelee. Siku ya kuhakiki utazitafuta XX zote na kuzijaza kutoka kwenye daftari au kwenye kibandiko cha dawa yenyewe. Sisi tulifanya hivyo hata wakati wa mashine za taipu, na makala iliyobaki na XX haikuruhusiwa kwenda kiwanda cha uchapaji kwa namna yoyote ile.

Kwa makala zako za dawa, ongeza jambo moja: kuwe na karatasi ukutani yenye vitu vinavyoweza kumletea mtu hasara, yaani kipimo, ujazo wa bomba, saa ya kupuliza, mavazi ya kujikinga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Makala isiyo na hata kimojawapo isitoke.

---

Mkufunzi, Chuo Kikuu (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)

Shikamoo Mhariri. Ndugu Mzabibuni, naunga mkono, nami niongeze kidogo kutoka upande wa utafiti, kwa sababu umesema ulidhani kukaa muda mrefu ndiyo bidii.

Mwaka 2014 mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakiwa wanawake. Alichokiona ni kwamba uzalishaji ulikwenda sambamba na saa za kazi hadi karibu saa 49 kwa wiki. Baada ya hapo kila saa iliyoongezwa ilizaa kidogo kuliko iliyotangulia, na mtu aliyefanya kazi saa 70 alizalisha karibu sawa na aliyefanya saa 56. Sasa hesabu zako mwenyewe. Kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, siku tano, ni saa 40 za ofisi. Usiku sita wa saa nne na nusu ni saa 27. Jumla ni 67, na Jumamosi ya shambani bado hatujaihesabu. Najua kwamba kuandika makala si sawa na kujaza makombora, na sisemi kwamba tarakimu zile zinakuhusu moja kwa moja, lakini mwili unaochoka ni uleule.

Jambo la pili linahusu zile jumbe kumi na nne. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapoacha kazi moja kabla haijaisha na kuhamia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na kazi ya pili inafanyika kwa akili iliyopungua. Ulipojibu ujumbe kuhusu mchango wa harusi kisha ukarudi kwenye salfa, hukurudi mzima. Kwa hiyo simu isiwe mezani wakati unaandika, hata ikiwa imezimwa sauti. Mimi yangu huiacha chumba kingine, na nimewaeleza wa nyumbani kwamba mwenye dharura agonge mlango.

---

Mama wa Kibaigwa (Jumanne, saa 5:40 asubuhi)

Habari za asubuhi, wakubwa zangu. Nimesoma kwa heshima, lakini naomba niseme kwamba ushauri wa mlango uliofungwa na simu iliyo chumba kingine unamfaa mwenye chumba kingine. Mimi nina watoto watatu, nina duka, na ninaandika bei za mahindi na alizeti katika soko la nafaka la Kibaigwa. Bei haingoji dakika tisini za utulivu. Bei ya jana asubuhi, leo ni hadithi. Mkulima akiuza gunia kwa bei ya zamani kwa sababu mimi nilikuwa napumzisha akili, hasara ni yake. Kwa hiyo tusimwambie kila mwandishi apunguze kana kwamba kazi zote ni za aina moja.

Hata hivyo nami nilifika mahali pa kuchoka, na nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nageuza kila bei kuwa makala: utangulizi, picha ya magunia, maelezo ya hali ya hewa, na mwisho kabisa ndipo tarakimu. Hakuna aliyekuwa akiusoma ule utangulizi. Sasa bei naiweka kwa mistari mitatu, yaani zao, bei ya chini na bei ya juu, na inanichukua dakika kumi nikiwa bado nimesimama pale sokoni. Makala yenyewe naandika moja tu kwa wiki, na ndiyo inayoeleza kwa nini bei imepanda au imeshuka, magari ya kununua yalikuwa mengi au machache, na mahindi yaliyokataliwa yalikuwa na tatizo gani. Hiyo moja ndiyo watu huhifadhi na kutumiana.

Kuhusu utulivu, kwangu unapatikana mara mbili tu. Kuna saa 10:30 alfajiri kabla watoto hawajaamka, na kuna ile nusu saa ya kutembea kwenda sokoni, ambapo najirekodi kwa sauti kwenye simu, nikiwa nimezima data, nikieleza jambo kana kwamba namweleza dada yangu. Nikikaa kuandika, nusu ya kazi imekwisha. Kaka Mzabibuni, wewe una basi la kutoka Mtumba kila siku. Hapo usiandike wala usisome WhatsApp. Fikiria sentensi ya kwanza tu.

---

Alizeti, Kondoa (Jumanne, saa 2:05 usiku)

Nitasema kwa ufupi. Hapo Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo maswali ya wakulima yanajirudia kila msimu: kupogoa, ubwiri, ndege, bei. Kwa makala sita kila wiki kwa miaka kadhaa, lazima umeyajibu maswali hayo mara nyingi. Kabla hujaandika jipya lolote, fungua orodha yako uone ni makala ngapi zinazozungumzia jambo moja, kisha uziunganishe ziwe moja iliyo kamili. Mimi nilifanya hivyo kwa alizeti, na makala moja niliyoirekebisha mara nne ndiyo inayosomwa kuliko zote. Msomaji anatafuta jibu. Tarehe ya kuchapishwa haimshughulishi sana, mradi jibu liwe sahihi.

---

Mzabibuni, Hombolo (Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 12:30 jioni)

Nawashukuru wote, na kwa Mhariri natanguliza shikamoo. Nimeona nisijibu kabla ya kujaribu.

Dada wa Kibaigwa amenifungua macho kuhusu bei na matangazo ya mikutano ya wakulima. Hayo nayo nilikuwa nayavisha nguo za makala bila sababu. Sasa ni mistari michache, yanatoka mchana wakati wa mapumziko. Kwa ushauri wa ndugu wa Kondoa nilifungua orodha yangu, nikakuta makala kumi na moja kuhusu kupogoa. Mbili kati ya hizo zinapingana: moja inasema tawi liachiwe macho mawili, yaani sehemu mbili za kuchipukia, nyingine inasema zaidi, na hakuna hata moja inayoeleza kwamba nilikuwa nazungumzia mizabibu ya umri tofauti. Nilisikitika sana, kwa sababu inawezekana kuna watu walisoma ya kwanza na wengine ya pili, kila mmoja akaingia shambani kwake na mkasi. Nimeziondoa zote kumi na moja, na kazi ya kuziunganisha ndiyo makala yangu ya wiki mbili zijazo.

Jumamosi nilishinda Hombolo na daftari tu. Jumapili niliamka saa 10:30 alfajiri, nikaacha simu sebuleni, nikaandika upya makala ya salfa hadi saa 12, kabla ya kujiandaa kwa ibada. Nilibakiwa na XX tatu. Nakiri kwamba dakika ishirini za kwanza zilikuwa ngumu, mkono ukiitafuta simu ambayo haipo, lakini baada ya hapo niliandika kwa namna ambayo sijaandika tangu mwaka wa kwanza. Usiku wa Jumapili na Jumatatu sikufungua kompyuta kabisa.

Jana nilijaza zile XX kutoka kwenye kibandiko cha dawa, kisha nikampigia simu yule mkulima wa Mvumi, nikamwomba kama anaweza kunisikiliza nikimsomea makala kabla haijatoka. Alikubali. Aliniambia kwamba mizabibu ile imeanza kutoa majani mapya, ingawa mavuno ya mistari hiyo minne yatapungua. Nilimsomea polepole, naye akanisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama kijiko nilichokitaja ni cha chai au cha chakula, nikakiondoa na kuweka gramu, pamoja na maelezo ya kuomba kipimo dukani. Mara ya pili nilikuwa nimeandika kwamba salfa ipulizwe asubuhi au jioni, naye akauliza asubuhi ninayoisema inaishia saa ngapi, kwa sababu kwake Mvumi saa 4 jua limeshakuwa kali na watu bado wanaiita asubuhi. Nimeandika: kabla ya saa 3 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Makala imetoka leo mchana.