Tarehe haisogei, bajeti haiongezeki: tukate majaribio au tukate vipengele?

Mleta mada: Wakuu, mfumo wetu wa maduka kupokea malipo kwa simu umebakiza wiki tatu kuzinduliwa, na kazi iliyobaki ni ya wiki sita. Tarehe imeshatangazwa. Wengi hapo hukimbilia kukata majaribio kwa kuwa mteja hayaoni. Napinga kabisa. Vikatwe vipengele: ripoti za michoro, picha za wasifu, ujumbe wa matangazo. Njia ya pesa, yaani sehemu inayopokea na kuhesabu malipo, isiguswe.

Tazameni linaloharibika. Mtu analipa 20,000, mtandao unakatika kabla seva yetu haijajibu kwamba imepokea. Kampuni ya simu isipopata jibu inaweza kutuma taarifa ileile tena, na salio likasoma 40,000. Wengi huweka ukaguzi kwenye msimbo tu: tafuta namba ya muamala, kama haipo ingiza. Haitoshi, kwa sababu taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zote zinakuta namba haipo. Sharti la namba kutojirudia liwekwe kwenye hifadhidata yenyewe. Jaribio lake ni jepesi: tuma taarifa moja mara mbili kwa mpigo, itume tena baada ya dakika kumi, salio libaki 20,000. Na pesa zitunzwe kwa senti, namba kamili. Kwa desimali za kawaida za kompyuta, 0.1 + 0.2 huleta 0.30000000000000004.

Mchangiaji wa 1: Kwenye pesa nakubali, ila mkuu, majaribio siyo ubora wote. Knight Capital, kampuni ya kununua na kuuza hisa ya Marekani, 1 Agosti 2012: seva 8, msimbo mpya ukawekwa kwenye 7. Ya nane ikabaki na kazi ya zamani isiyotumika tangu 2003, na alama iliyokuwa ikiiwasha ndiyo hiyohiyo iliyopewa kazi mpya. Kazi ile ya zamani ikawaka: dakika kama 45, hasara zaidi ya dola milioni 400. Hapakuwa na fundi wa pili aliyehakiki uwekaji ule. Kwa hiyo hizo wiki tatu zitoe siku mbili za kufuta msimbo uliokufa, kuhakiki toleo la kila seva, na kufanya mazoezi ya kurudisha toleo la jana.

Mchangiaji wa 2: Mnasema "kata vipengele" kana kwamba fundi ndiye mwamuzi. Kwenye kazi ya zabuni vipengele vimo ndani ya hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa), kila kimoja na namba yake. Ukiacha kimoja bila nyongeza ya mkataba iliyosainiwa, malipo ya mwisho yanaweza kuzuiwa. Majaribio mara nyingi hayana hata mstari wake wa bei, ndiyo maana yanakuwa ya kwanza kuliwa. Dawa iko kabla ya kusaini: gawa kazi kwa awamu, awamu ya kwanza ibebe njia ya pesa peke yake, na majaribio ya kukubali kazi yawe na bei yake.

Mchangiaji wa 3: Kwa nini wasiongezwe watu?

Mchangiaji wa 1: Kwa wiki tatu, hapana. Watu 4 wana njia 6 za kuelewana wawili wawili. Wakiwa 8 zinakuwa 28. Na anayewafundisha wageni ni yuleyule uliyekuwa unamtegemea amalize kazi.

Mchangiaji wa 3: Basi zindueni siku ileile, lakini kwa maduka 50 tu. Kila jioni mtu alinganishe miamala yetu na taarifa ya kampuni ya simu, mstari kwa mstari.

Mleta mada: Mchangiaji wa 2 kanishinda kwenye mkataba, barua ya kuomba awamu iende leo, siyo wiki ya mwisho. La maduka 50 nalikubali kwa sharti moja: jioni ikionekana tofauti, hata ya shilingi moja, duka la 51 lisiunganishwe mpaka chanzo kijulikane.